Pale Breki Zinapobana

Gari letu lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, gurudumu limelazwa kando, na mume wangu amepiga magoti mbele yake na brashi ya waya mkononi. Vumbi la kutu lilikuwa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Nilimtazama kupitia dirisha la jikoni, nikajitia sina habari.

Gari lile nilikuwa nimekula yamini sitalipanda tena. Mwaka jana, tukiwa njiani, nilimwambia nasikia chuma kinasaga upande wangu. Akasema breki ziko sawasawa, kisha akaongeza sauti ya redio. Hatukufika mbali. Kwenye mteremko alikanyaga breki, gari likaendelea na hamsini zake, na ukuta wa zahanati ndio uliotusimamisha. Bega langu lilipona. Ile redio haijanitoka masikioni hadi leo.

Tangu siku hiyo yeye anakwenda kwa gari, mimi kwa basi. Msiba wa shemeji tulifika kila mtu kivyake, wifi akanivuta pembeni kuniuliza kama tumeachana. Sasa binti yetu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na asubuhi hiyo alipiga simu kuuliza kama mjukuu atatuona kwa zamu. Nilicheka, nikakata simu, nikalia. Kusema kweli nilikuwa nimechoka kumnunia mtu ninayempenda, lakini hofu haikunitoka.

Makanika alikuwa ameshabadilisha kila kilichotaka kubadilishwa. Ila mwenzangu ni fundi wa samani, mtaani wanamwita Vanishi, na kichwani mwake kinachonitisha ni ile kutu inayochungulia nyuma ya rimu. Basi akaamua kusafisha na kupaka rangi kila nitakachokiona kabla ya kupanda.

Sifa yake nampa. Alifungua kalipa, lile kono la chuma linalobana diski ya breki, akalifunga kwa waya lisije likaning'inia kwenye mpira wake wa mafuta ya breki. Pedi, vile vibao vinavyoikamata diski ili gari lisimame, akazilaza juu ya gazeti. Akasugua, akafuta kwa kitambaa chenye thina, akafunika kwa utepe wa karatasi kila kisichotakiwa kupata rangi, kisha akaipaka kalipa nyekundu, mara mbili. Huyu ni mtu anayepiga vanishi hata chini ya droo, mahali ambapo mende tu ndiye atakayepasifia.

Nilipompelekea chai, alisogea ili nione. Kalipa iling'aa. Na diski, duara zima, mbele na nyuma, alikuwa ameipaka rangi ya fedha, laini, bila hata alama ya brashi. Ilipendeza mno. Niliitazama na kuitazama, mpaka swali likanijia.

"Mzee, hizo pedi zinabana wapi?"

Alinyoosha kidole kunionyesha. Kidole kilipoigusa ile fedha, kikabaki papo hapo, na uso ukamshuka. Maisha yake yote hajaacha upande wa kitu bila kuupaka, na mkono ulikuwa umefanya ulichozoea. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, chai akaiweka chini bila kuionja.

"Ningekupandisha hivi hivi, pedi zinateleza juu ya rangi," alisema. "Wewe na zawadi za mtoto."

Maneno yalinijaa mdomoni, na makali yake nayajua, maana nilikuwa nikiyanoa mwaka mzima. Lakini safari hii nilikuwa nimeuliza mara moja tu, naye akasikia. Hasira ikanitoka bila ya mimi kuifukuza. Nilikunja gauni, nikachukua msasa, nikamwambia aanze na upande wa pili.

Diski ya gurudumu lingine la mbele nayo alikuwa ameshaipamba vivyo hivyo, kwa hiyo tulisugua zote mbili, mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Aliniomba tubakize rangi ukingoni tu, kwa urembo. Nikamkubalia ukingo. Tulipomaliza kufuta, uso wa chuma ulikuwa mtupu na umekwaruzika, naye akautazama kwa uchungu wa kifundi. Nilimtania aombe Mungu wateja wake wasipite. Akacheka kidogo.

Kesho yake alivaa shati lake zuri. Nilibeba kikapu cha zawadi za mtoto, nikafungua mlango wa mbele, nikajikaza kisabuni, nikakaa. Kwanza tulizunguka mtaa. Kila kona alikanyaga breki, na kila kona gari lilitii. Redio alikuwa ameizima. Tulipokaribia barabara kuu nikasikia kitu, sauti nyembamba, kama msasa unapopita juu ya mbao.

"Kuna mkwaruzo," nilisema. "Upande wangu."

Hakuniuliza kama nina uhakika. Alipunguza mwendo, akaegesha, akashuka, akapiga magoti vumbini na lile shati zuri, akachungulia kupitia matundu ya rimu.

"Ni rangi ya ukingoni, imevimba kidogo," alisema kutoka chini. "Ingeisha yenyewe. Lakini ngoja niikwangue."

Akatoa kipande cha msasa mfukoni. Kumbe alikuja nacho. Nikamwambia asiharakishe. Nilikuwa nimekaa kitini kwangu, kikapu nimekipakata, na mkanda sikuufungua.