Somo la Thelathini na Moja

Inginia Edulfo Arnez alikuwa na wafuasi elfu arobaini mtandaoni, na sisi wa ofisini kwake tulilazimika kuwa miongoni mwao. Kila Jumatatu alitoa kipande kifupi cha msimbo wa kompyuta pamoja na somo lake: namna ya kupanga tarehe, namna ya kusafisha orodha, namna ya kutoaibika mbele ya mteja. Pale mjini Cochabamba tulikuwa watengeneza programu sita, na tulivisoma kabla hata ya kuonja salteña, zile sambusa za kuoka, za saa nne, maana alikuwa anatuuliza maswali. Alilolipenda kuliko yote ni Somo la 31: usiandike jina la mtu ndani ya msimbo. Alilichapa kwa herufi kubwa, akalibandika juu ya birika la chai.

"Msimbo haujui mtu," alikuwa akisema, kidole juu.

Haya. Mwaka huo tukapewa kazi ya kuandikisha wenye vizimba vya soko jipya. Kipande cha kupokea majina alikiandika yeye mwenyewe: jina lako, ukoo wa baba, ukoo wa mama. Ukikosa kimoja, umekataliwa. Sasa mama yangu, Hilaria Choque, aliyeuza viazi sokoni kwa miaka ishirini na mbili, ana jina moja tu la ukoo, la bibi yangu, kwa sababu siku ya kumwandikisha akiwa mtoto babu hakuonekana, wala hajaonekana hadi leo. Mama alipanga foleni mara tatu, akarudishwa mara tatu. Na asiyeandikishwa hadi Ijumaa saa sita mchana, kizimba chake anapewa mwingine.

"Yobana," akanipigia, "mashine yenu inasema jina langu halijakamilika. Miaka sitini na moja watu wananiita hivyo, wananisengenya hivyo, leo ndiyo limepungua?"

"Ni mfumo, mama."

"Mfumo ndiyo nani? Si ni nyie?"

Nikaenda kwa Inginia. Hata hakugeuka.

"Mwambie aweke nukta kwenye jina la pili. Wenzake wanaweka."

"Kitambulisho chake hakina nukta, Inginia. Mkaguzi wa soko atamkataa."

"Sasa dada, nibomoe mfumo mzima kwa ajili ya mtu mmoja? Hebu kasome Somo la 31."

Nikalisoma. Halafu, kwa hasira tu, nikafungua kile kipande chake cha msimbo. Mstari wa kumi na nne ulikuwa hivi:

kama jina ni "Edulfo Arnez": mpitishe

Nikacheka peke yangu mpaka Fermín, wa meza ya jirani, akaja kuchungulia.

"Mama wee! Kumbe naye analo moja tu?"

"Aliujaribu mfumo kwa jina lake, ukamkataa. Badala ya kuutengeneza, akajifungulia mlango wa uani."

"Na akaufunga nyuma yake," akasema Fermín.

Hapo kicheko kikaniisha. Kuwa na jina moja si aibu. Yeye ndiye angetakiwa kumwelewa mama kuliko mtu yeyote, na bado alimwambia aweke nukta. Iliniuma sana.

Alhamisi nikaufuta ule mstari. Kwenye nafasi ya kueleza sababu ya badiliko nikaandika: "Somo la 31." Badiliko lilipaswa kuidhinishwa naye. Aliliidhinisha bila kulifungua, na akanitumia alama ya dole gumba.

Ijumaa saa tano wanawake wa soko walijaa kwenye ukumbi wa kuandikishia na kofia zao nyeupe, mama yangu mstari wa mbele. Inginia alikuwa na desturi ya kuonyesha mfumo kwa kujiandikisha mwenyewe. "Ni rahisi, akina mama, tazameni." Akaandika jina lake, akabonyeza. Ukutani, kwa herufi nyekundu: JINA HALIJAKAMILIKA.

Akabonyeza tena. Na tena. Akanitazama, akajua, na akajua kwamba mimi pia najua.

"Usihangaike, mwanangu," mama akamwambia kwa upole kabisa. "Weka nukta."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Inginia akavuta kiti, akaandika msimbo mbele yao, jasho linamtoka. Lile la kubomoa mfumo mzima lilimchukua dakika nane. Saa sita kasorobo mama akapata kizimba chake, na nyuma yake wenzake kumi na saba, wote wa jina moja tu la ukoo.

Jumatatu likatoka Somo la 88: mfumo uwaheshimu wenye jina moja la ukoo. Alisema alilifikiria mwenyewe wikendi, akiwa anaoga. Watu elfu sita walilipenda, na sisi wa ofisini tulikuwamo, maana alituuliza maswali.