Madole Kumi na Moja

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, dereva Bakary aliweka dole gumba kwenye mashine ya mahudhurio mlangoni mwa ofisi ya Kampuni ya Mashamba Tulivu, mjini Lindi, na mashine ikamwandikia: KARIBU, SOMOE NGAUKA. Bakary akalifuta dole kwenye suruali, akaliweka tena. Mashine ikamkaribisha Somoe kwa mara ya pili. Akaingia ndani kunywa chai, kwa kuwa ofisini hapo mashine kukosea halikuwa jambo la kumpozea mtu chapati.

Ilipofika saa tatu, wafanyakazi kumi na mmoja kati ya kumi na wawili walikuwa wameingia kazini kwa majina ya watu wengine, na Consolata Damiani, fundi wa kompyuta, alikwisha jua kuwa ni virusi. Kompyuta zote saba zilikuwa zimefunga mafaili yao, na kwenye kila kioo palikuwa na alama moja ya dole gumba, pana kama sinia, yenye kovu la moto katikati.

Chanzo hakikumpa taabu. Printa ya ofisi ilikauka wino tangu Ramadhani, na ofisi nzima ilikuwa na flashi moja, iliyofungwa uzi mwekundu isipotee. Kila cha kuchapwa kilivushwa barabara kwa flashi hiyo hadi stesheneri ya Bi Tasleem Karmali, ambako mji mzima huchapisha kadi za harusi, mitihani ya majaribio na matangazo ya misiba, na flashi zote huchomekwa kwenye kompyuta ileile. Consolata alikwisha mwandikia meneja barua tatu kulalamikia mtindo huo. Barua zote tatu zilikwenda kuchapwa kwa flashi hiyohiyo.

Akachomoa nyaya za mtandao, akazima kompyuta moja baada ya nyingine, akabandika karatasi za USIGUSE. Kisha akavuka barabara.

"Shikamoo, Bi Tasleem."

"Marahaba, mwanangu. Na kwenu imeingia?"

"Imeingia."

"Kwangu ilikaa siku mbili, ikaondoka yenyewe. Haikukuta cha kushika. Kadi za harusi hazina madole."

Aliporudi, madole yenyewe yalikuwa yamebadilika. Yaliwabadilikia wote waliogusa kibodi. Bakary, mwenye tabia ya kupiga muziki kwenye kompyuta ya mapokezi, alikuwa na dole jembamba la kike, na mkono wake ulikuwa umeanza kusuka ukili kwa kamba za kufungia mafaili. Dole la katibu muhtasi lilikuwa jeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho. La meneja Jerome lilikuwa la mzee mmoja mvuta tumbaku, likawa linampapasa mfukoni kila alipotaka kusaini. Watu walitazamana mikono, wakaulizana nani ana la nani, wakaenda kula wali maharage.

La Consolata lilikuwa la baba yake. Alilijua kwa kucha iliyopasuka na kwa kovu la panga lililopita mshazari. Akakaa kwenye kiti akalitazama.

Mzee Damiani alikuwa mkulima huko Kipatimu. Kampuni ilipochukua bonde la Mbingwa kijijini hapo, kaya kumi na moja zilisemekana kuridhia kuhama, na kila mwenye shamba, Somoe Ngauka akiwemo, fomu yake ilikuwa na dole. Consolata mwenyewe ndiye aliyezipiga skani. Baba yake alikuja kwa basi hadi Rasbura, mtaa wa Lindi, akakaa kwenye ukumbi wa nyumba aliyopanga chumba Consolata, rozari mkononi.

"Mwanangu, mimi sikuweka dole."

"Baba, dole lako nimeliona kwa macho yangu. Kompyuta haidanganyi."

Mzee hakunywa chai aliyotengewa. Aliondoka na basi la alfajiri, na Kwaresma ilipoingia akafa. Hadi hapo walikuwa hawajasemezana tena. Consolata alikwenda mazikoni akiwa bado na hasira kwamba baba yake alikubali kisha akaogopa kukiri.

Sasa, ilipogonga saa tisa alasiri, dole lilianza kupita juu ya vidole vyake vingine, taratibu, moja moja, likihesabu Salamu Maria. Consolata akaliacha lihesabu mpaka likamaliza.

Mtu mmoja tu hakubadilika dole. Benjamin, afisa uhusiano, ndiye aliyepeleka fomu kijijini na kurudi nazo siku hiyohiyo, ingawa gari alilopanda lilikuwa limekwama njiani tangu asubuhi. Dole lake lilikuwa na kovu la moto katikati. Wafanyakazi walilitazama, wakavitazama vioo, wakatazama pembeni. Benjamin akautia mkono mfukoni. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Ya Benjamin ilikuwa na lami mpaka Dar es Salaam, maana mwezi uliopita alikuwa amepandishwa cheo.

Basi ikawa wazi, bila mtu kuisema, kwamba dole moja lilikalia nafasi ya madole kumi na moja, na hayo yaliyokosa nafasi yamekuja kukaa yanapoweza.

Consolata alifanya kazi siku mbili. Kizuia virusi kilikuwa kimekwisha muda tangu mwaka jana. Wataalamu wa Dar walimwambia kwa simu afute kila kitu aanze upya, akafanya hivyo, akarudisha mafaili kutoka kwenye nakala ya akiba aliyoihifadhi. Jumatano mchana kompyuta zikawaka safi. Madole hayakuondoka. Fomu kumi na moja zilirudi kamili, majina, mipaka na tarehe, ila kisanduku cha dole kilikuwa kitupu. Akafungua kabati akatazama fomu za karatasi. Nazo zilikuwa tupu. Virusi vilikuwa vimepita huko pia, ingawa kabati halina waya.

Consolata alifurahi, na furaha yake ilikuwa kubwa hata akaogopa kuinua uso. Bila madole, kampuni haina karatasi. Bila karatasi, matrekta yaliyopangwa kuingia bondeni Jumatatu hayana pa kupita, na mama yake, Emerensiana, angebaki kwenye mikorosho yake. Jioni hiyo alipika ugali kwa mkono ule, akala nao polepole.

Alhamisi meneja Jerome aliita kikao.

"Kesho wakaguzi wanakuja," alisema. "Fomu hazina madole. Lakini tumshukuru Mungu, jamani, wenye madole wote tunao humu ndani. Safari hii yatakuwa ya kweli."

Akaweka kidau cha wino mezani. Bakary alikwenda wa kwanza, akaweka dole la Somoe Ngauka kwenye fomu ya Somoe Ngauka, akarudi kusuka. Katibu muhtasi akafuata. Meneja akaweka la yule mzee mvuta tumbaku. Benjamin alikuwa anapanga fomu kwa mkono wa kushoto.

"Bosi," Consolata alisema, "mwenye dole hili alikataa."

"Alikataa lini? Jina ni la Damiani, dole ni la Damiani. Wewe umelibeba tu, Consolata. Na asiyeweka, nitawaambia wakaguzi kuwa virusi ni yeye aliyevileta. Fundi wa kompyuta hapa ni nani?"

Consolata alifikiria kodi ya chumba cha Rasbura, na kwamba kazi nyingine Lindi hakuna. Alifikiria pia kukimbia, akabaki. Alikuwa na woga tu, wala hakuupamba kwa jina jingine. Alipolisogeza dole kwenye wino, lilijikunja likaingia ndani ya kiganja na kushikilia hapo, gumu, mithili ya mtu aliyeng'ang'ania mlango. Wenzake wakamsubiri. Consolata akalinyoosha kwa mkono wake wa kushoto, kwa nguvu, akaligandamiza kwenye kisanduku mpaka likaacha kusukuma.

Alama ilitoka vizuri, na kovu la panga likaonekana. Wakaguzi waliisifu siku ya pili.

Jumamosi alipanda basi hadi Kipatimu. Mama yake alikuwa uani anachambua korosho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Emerensiana aliushika mkono aliopewa, na hakuuachia. Alilipapasa dole, akapita juu ya kovu, akagusa kucha iliyopasuka.

"Huyu baba yako," alisema.

"Ndiye, mama."

"Alisema hakuweka."

"Hakuweka, mama. Alisema kweli. Mimi ndiye niliyemwita mwongo."

Mama akatikisa kichwa, machozi yakimtoka, akaliweka dole shavuni. Kisha akaliinua kwenye mwanga akaona weusi uliojaa kwenye mikunjo yake.

"Na wino huu?"

"Huu ni wa fomu, wa Alhamisi," Consolata alisema.

Mama akamrudishia mkono wake. Akaenda ndani kuanza kufunga vyombo.