Wifi, Kioo na Kadi ya Kamusi

Mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza cha wifi yangu, fundi vioo. Alinifungia kioo kikubwa cha dirisha la sebuleni, akamleta mteja wake akione, nami nikaropoka mbele yao: "Kioo gani hiki? Mtu hawezi hata kukaa, macho yanauma!" Mteja akaaga, hakurudi. Wiki mbili wifi hakunisemesha, na nyumba yangu ikapooza, maana utani wote aliuleta yeye akija.

Sasa, mimi natunga kamusi, na ofisini kwetu kuna sheria: maana haiandikwi mpaka fundi wa kitu chenyewe aitamke, na mfano wa sentensi lazima uwe jambo lililotokea kweli. Jumatatu nikapewa neno la Kiingereza "glare". Nikaandika kwenye kadi: mwanga mkali. Mhariri akanirudishia kadi. "Kwa panya hata mshumaa ni mwanga mkali. Nenda kwa fundi vioo, huo ndio anaoshinda nao." Na fundi vioo niliyemjua ni mmoja tu. Balaa!

Nikamkuta anakata kioo. Akaniinulia jicho, nikasita mlangoni. Maana ya pili nikaipata bila kuuliza: kumtolea mtu jicho la hasira.

"Shikamoo, wifi," nikasema, ingawa nimemzidi miaka sita.

"Marahaba," akaitikia bila aibu. "Umekuja kukitukana na hiki?"

Nikamweleza shida yangu. Akakielekeza kioo juani, nikafumba macho.

"Huo si mwanga mkali tu. Andika: mwanga unaotia macho kiwi."

Nikaandika. Nikamwambia pia kwamba neno "glare", wajuzi wanavyokisia, ni la ukoo mmoja na "glass", yaani kioo kwa Kiingereza. Hapo kale lilimaanisha kung'aa tu. Jicho la hasira lilikuja baadaye.

"Kumbe kioo hakikuanza ugomvi. Waliuleta watu." Akagonga kadi kwa kidole. "Na mfano wa kweli uko wapi?"

Nikaandika: "Kioo cha wifi hakina kosa, kiwi kilinipata kwa kuwa mimi mwenyewe niligeuza kochi likatazama jua."

Akasoma mara mbili.

"Hii itachapishwa?"

"Itachapishwa."

"Mpaka watoto wa shule wasome?"

"Na walimu wao."

Akacheka mpaka akaweka kioo chini. "Basi nakala ya kwanza mpelekee yule mteja, ukurasa uukunje. Kesho nakuja kugeuza hilo kochi. Chemsha chai, na huo mdomo uuache ofisini."

Nilitoka nalia kwa furaha. Walioniuliza njiani niliwaambia ni jua.