Moto Hauna Hodi

Taher Adamji, fundi wa bati wa Kibokoni, alikuwa hatulii. Akiketi, mguu unamcheza. Akila, macho yako dirishani yakitafuta moshi.

"Huo ni moshi wa chapati zangu," mkewe Gulshan alimwambia asubuhi moja. "Keti ule."

Watu walidhani ni vita. Mwaka ule wa 1942 Mombasa nzima ilikuwa roho juu, Mjapani anatajwa kila baraza, taa zinafunikwa magharibi ikiingia, na serikali ilikuwa imempa Taher filimbi na kumfanya mkuu wa zimamoto wa mtaa. Lakini Taher hakuwa na habari na Mjapani. Kilichomnyima raha ni mlango wa Hawabai.

Hawabai alikuwa jirani. Mwaka uliotangulia, jiko lilipolipuka nyumbani kwake, wanaume wanne walikimbilia pale, Taher akiwa wa mbele. Wakafanya kama walivyolelewa: wakabisha hodi. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Na hodi tatu zisipoitikiwa, muungwana hurudi. Wakarudi hatua mbili, wakangoja. Walipokuja kuuvunja mlango walimkuta papo hapo nyuma yake, buibui limemfika mabegani. Alikuwa akijistiri kwanza ndipo awafungulie. Adabu yao na adabu yake zilikutana mlangoni zikamuua, na Taher hakujisamehe.

Ndipo akaita kikao, na kikao kikafanyika barazani kwa Bi Tumu. Kisa cha kufanyika huko ni kwamba Bi Tumu alikuwa mjane, yuko ndani ya eda, hatoki wala haonekani na wanaume wa kando, na nyumba yake ndiyo iliyomtisha Taher kuliko zote: ghorofa nzima imekaa juu ya ghala la magunia. Wanaume waliketi nje, wanawake ndani, mlango umerudishwa kidogo. Wakakubaliana haraka juu ya maji: madebe yatoke kisima cha msikiti, mkono kwa mkono. Wakakubaliana juu ya wikio, kile chumba cha juu kinachovuka kichochoro kutoka kwa Bi Tumu hadi kwa Gulshan: wanawake na watoto watapitia huko, na Bi Tumu atawahesabu. Kisha kikao kikakwama kwenye mlango.

"Atakayekuja kutuokoa asipige hodi," sauti ya Bi Tumu ilitoka ndani. "Naaseme 'nimengia,' kisha angie."

"Astaghfirullahi!" Chirau, muuza kahawa, aliruka. "Nyumba ya mjane wa eda, watu wangie tu kama sokoni?"

"Na huo moto, Chirau," Bi Tumu akauliza, "ukija utakubishia hodi?"

Chirau akakoroga kahawa ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

Basi kila Alhamisi baada ya alasiri wakafanya mazoezi. Madebe yalikwenda vizuri, wikio likavukwa vizuri. Aliyeshindwa alikuwa mkuu mwenyewe. Alikuja mbio mpaka mlangoni kwa Bi Tumu, filimbi mdomoni, akasimama, na ulimi ukasema wenyewe: "Hodi!"

"Ushanichoma, Taheri!" Bi Tumu alijibu kutoka juu, na mtaa mzima ukacheka.

Alhamisi ya pili vilevile. Ya tatu pia. Mazoea yana taabu. Wenzake walicheka, lakini Taher alirudi nyumbani akijua kwamba siku ya siku ulimi utamsaliti tena na mtu atakufa.

Siku ya siku ilikuwa Jumanne, adhuhuri, jua la utosi. Moshi mweusi wa magunia ulifumuka chini ya nyumba ya Bi Tumu. Filimbi ikalia, madebe yakaanza kupita, na Taher akafika mlangoni.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi! Hodi, Bi Tumu!"

Kimya. Na miguu yake, miguu ya laana, ikarudi nyuma hatua moja. Hapo akaliona lile buibui la Hawabai, limekomea mabegani. Hasira za nafsi yake zikampanda.

"Nimengia!" alipiga kelele, akautia mlango bega.

Ngazini moshi ulikuwa mzito, juu mzito zaidi. Akapapasa chumba cha kwanza, akapapasa uvunguni, akafungua kabati. Hakuna mtu. Hakuthubutu kutoka. Alijua yupo mahali, nyuma ya mlango fulani, ameshika nguo, anajistiri. "Bi Tumu, toka hivyohivyo! Sikutizami!" Akakohoa hadi akapiga magoti, na alipogeuka kutafuta ngazi, ngazi haikuonekana tena kwa moshi.

Ndipo alipoisikia sauti mbali, ng'ambo ya wikio.

"Wanawake kumi na mmoja, watoto wanane, wametimia. Gulshan, mumeo yu wapi?"

"Chini kwenye madebe, Bi Tumu."

"Chirau! Taheri yuko huko?"

"Hayuko! Amengia kukutafuta wewe!"

Bi Tumu alikuwa ameshavuka zamani, kwa harufu ya kwanza ya moshi, kama walivyozoea kila Alhamisi. Hodi zile tatu zilikuwa zimebishwa kwenye nyumba tupu. Taher alifurahi, kweli alifurahi, akiwa sakafuni, shavu kwenye saruji, pumzi zimekatika. Hawezi kuita. Akafikiri: sasa watasimama kule mlangoni, watasubiri niitikie.

Mlango wa wikio ukafunguka kwa kishindo.

"Nimengia!"

Nguo nyeupe za eda zikaja moja kwa moja ndani ya moshi, bila kupapasa, kwa hatua za mtu aliyeishi nyumba ile miaka arubaini. Kanga iliyolowa maji ikamfunika uso, mkono ukamshika ukosi wa shati.

Akili zilikuwa zimeshamtoka nusu. Zilizobaki ni zile alizofunzwa na mamake.

"Karibu, Bi Tumu," alisema.

"Starehe," akajibu Bi Tumu, akamburura kuelekea wikioni.