Boneti ya Mwalimu Zephania

Mwalimu Zephania alikuwa na hadithi moja tu, na hakuwa mchoyo nayo. Harusini aliisimulia, matangani aliisimulia, na mgeni akiomba maji ya kunywa alipewa maji pamoja na hadithi: kwamba trekta bovu lililokaa uani kwake, huku chini Same, marehemu baba yake alilinunua kwa kahawa aliyoishusha milimani kichwani. Magunia saba. Miaka ikaenda, yakawa kumi na manne, na mwaka jana yalifika arobaini.

Alipostaafu aliamua kulifufua. Injini ilikohoa wiki nzima ikakubali, ikabaki rangi. Jumapili ya mavuno trekta lingeongoza msafara wa kwenda kanisani, na mchungaji alishamwahidi kipaza sauti.

Chande, fundi rangi wa mjini, alikuwa mtu wa masharti.

"Mimi sipaki rangi juu ya uchafu, Mwalimu," alisema, akaanza kupiga msasa.

Bluu ikatoka. Kijani ikatoka. Chini yake, juu ya boneti, yakajitokeza maandishi meupe: MALI YA KIJIJI.

Mwalimu aliyasoma kwa sauti ya chini. Baba yake, mzee wa kanisa, mwizi? Kabla hajameza mate, Mzee Eliufoo, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji chao cha mlimani zamani hizo, akapiga hodi. Mwalimu hakufikiri mara mbili. Alipanda juu ya boneti akayakalia maandishi.

Ilikuwa saa saba mchana, na jua la Same halina utani.

"Shikamoo, Mzee," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima!"

Mzee Eliufoo si mtu wa kuharakisha salamu. Aliuliza wajukuu, akauliza mbuzi mmoja mmoja. Alipofika kwenye mvua za vuli, Mwalimu aliruka chini akipiga yowe, ameshika makalio kwa mikono miwili.

Mzee akavaa miwani, akasoma polepole.

"Mwanangu, umejiunguza bure. Wazee wote tunajua."

"Baba aliliiba?"

"Aibe nini? Lilikuwa limekufa, kuku wanatagia humo. Mkutano wa kijiji ukaamua atakayeliamsha alichukue. Baba yako akaliamsha. Hakuwahi kusema kanunua. Wewe ndiye uliyetangaza shuleni, ukiwa darasa la pili. Akaona vibaya kukuumbua mbele ya wenzako, na sisi tukaona tusikuvunje moyo."

"Na hii rangi ya kijani?"

"Si ulikuwa umeanza kujua kusoma? Tukachangishana kopo moja, tukalipaka ukiwa shuleni."

Mwalimu aliona aibu hadi masikioni. Miaka hamsini wazee wale walimsikiliza, wakampigia makofi, wengine hata wakamwuliza kahawa ilikuwa ya aina gani! Kisha nyuma ya ile aibu kikaja kitu kingine. Kijiji kizima kilimpenda, naye hakujua.

"Chande," alisema, "hapo juu ya maandishi usipake."

Jumapili trekta lilifika kanisani jekundu tupu, limebakiza yale maneno matatu tu juu ya boneti. Mwalimu alishika kipaza sauti akiwa wima, maana kukaa kulikuwa bado na shida zake, akasema ukweli wote. Kwenye benchi la mbele wazee wakatazamana kwa masikitiko.

"Zephania," Mzee Eliufoo akaita, "na kahawa je?"

"Hapakuwa na kahawa, Mzee."

"Hilo tumelijua kabla yako. Tumeshuka mlimani tangu alfajiri kuja kusikia ya kahawa."

Mwalimu aliwatazama. Wakati ule walikuwa kijiji kizima. Sasa walijaa kwenye benchi moja. Akakohoa kidogo, akakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo.

"Basi," alisema, "yalikuwa magunia arobaini na mawili."

Wazee wakaegemea benchi lao, na Mzee Eliufoo akafumba macho asikilize vizuri.