Siku ya Sabini na Moja

Shemeji yangu Shihab alizungumza nami akiwa amenipa mgongo. Alisimama nje ya dirisha, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa jirani, shati limelowa jasho. Kwa siku zile hiyo ndiyo ilikuwa adabu: mimi nilikuwa ndani ya eda ya kufiwa na mume, siku mia na thelathini, naye ni mwanamume anayeweza kunioa.

"Shemeji, maji yanajaa saa saba. Yakijaa tunaondoka. Kiunga, halafu Lamu, halafu Mungu anajua."

"Zimebaki siku hamsini na tisa," nilimwambia.

"Hao jamaa wa bunduki hawana kalenda, shemeji."

"Mimi ninayo."

Akauambia ukuta wa jirani kwamba angeniwekea nafasi mpaka dakika ya mwisho. Nilimsikia akiondoka mbio. Katika miaka kumi na mitano ya ndoa yangu sikuwahi kumwona Shihab akikimbilia jambo lolote isipokuwa mpira.

Ilikuwa siku ya sabini na moja. Kila siku nilichora mstari wa chaki nyuma ya mlango wa chumba, minne wima na wa tano ukiikata, kama nilivyowafundisha watoto wa darasa la kwanza. Nilisomesha hesabu katika shule ya kisiwa chetu, Koyama, kwa miaka tisa. Serikali ilipoanguka shule ikafungwa, chaki zikabaki kwangu.

Mume wangu, Athman, alikwenda Kismayu mwanzoni mwa mwaka 1992 kuuza papa mkavu. Bandarini wenye bunduki walimtaka awape mashine ya mashua. Akasema si yake, ni ya watu wa kisiwa wote, na hilo lilikuwa kweli. Walimpiga risasi moja. Alizikwa hukohuko kabla ya alasiri, na habari ikanifikia kesho yake pamoja na kikoi chake, kimefuliwa na kukunjwa. Sijui hadi leo nani aliyekifua.

Tangu hapo wenye bunduki walikuwa wamevuka mara mbili kuja Koyama. Mara ya kwanza walichukua nyavu, mashine tatu na mbuzi. Mara ya pili, siku yangu ya sitini na nane, kijana mmoja aliingia ukumbini kwetu, akamtazama binti yangu Layla, mwenye miaka kumi na miwili, akauliza kwa Kisomali kama ameposwa. Mama mkwe wangu, Bi Kuluthumu, akamjibu kwamba mtoto ana kifua kikuu, akamwambia Layla akohoe. Layla akakohoa. Kijana akaondoka.

Yote hayo niliyasikia nyuma ya mlango, umbali wa hatua nne. Sikutoka. Nilikuwa na sheria.

Kesho yake imamu wetu, Mwalimu Badi, alinitumia ujumbe: mjane akihofia nafsi yake au ya mwanawe anaruhusiwa kuhama, amalizie eda huko anakofika. Nililijua hilo; kitabu cha sheria alichokisoma yeye nami nilikisoma. Nilimrudishia jibu kwamba dharura huthibitishwa, haikisiwi, na hapa kisiwani hajauawa mtu bado. Jibu lile halikuwa na kosa hata neno moja, na ndilo jibu ninaloliona aibu kuliko yote niliyowahi kutoa.

Shihab alipoondoka dirishani, Bi Kuluthumu aliingia na gunia, akaanza kukunja nguo za Layla. Nilikuwa nikimtegemea yeye kuilinda eda yangu. Ndiye aliyeondoa kioo chumbani siku ya kwanza, ndiye aliyeirudisha dukani sabuni yenye harufu.

"Mama, mnakwenda wapi?"

"Mimi na Layla tunakwenda. Wewe kaa na mlango wako."

"Mjane hukaa nyumba aliyokuwamo alipofiwa."

"Kweli." Alikaza kamba ya gunia. "Mimi mume alinifia Fuma."

Nilichojua ni kwamba baba mkwe alifariki zamani, kabla sijazaliwa. Sikuwahi kuuliza wapi.

"Tulikuwa dago," alisema. Zamani wavuvi wetu walihamia kisiwa kitupu kama Fuma kwa majuma kadhaa, wavue na kukausha samaki hukohuko, na wengine walifuatana na wake zao. "Homa siku tatu, ya nne tukamzika. Nyumba haikuwapo hata moja. Wakanifungia tanga kwenye miti minne, ndiyo nyumba. Na wachu kumi na wawili, wavuvi wote, wakanipa mgongo. Wakila, mgongo. Wakicheka, mgongo. Mmoja alikuwa na jipu shingoni. Lile jipu nililijua kuliko uso wake."

"Siku ngapi?"

"Ishirini na sita. Kisha wakanirudisha, nami ndani ya tanga langu."

"Na zilizobaki?"

"Nikazimaliza hapa. Hakuna aliyeniambia nianze moja."

"Mbona hukunieleza siku zote hizi?"

"Ungeniuliza ni ukurasa wa ngapi, Safiyya."

Alibeba gunia akatoka. Nilibaki nikiutazama mlango. Kitabu kilikuwa kimeniruhusu tangu siku ya sitini na tisa, au tuseme tangu siku ya kwanza, kwa hiyo si kitabu kilichonikalisha. Hesabu hiyo ilinibidi niikubali. Na nyuma ya mlango palikuwa na ushahidi mwingine ambao mimi peke yangu ningeweza kuusoma. Mwanzoni nilichora mstari mara baada ya sala ya alfajiri. Kufikia siku ya hamsini nilikuwa nauchora adhuhuri, na ya sitini, alasiri. Ndani ya chumba kile nilikuwa bado mke wa Athman. Siku ya mia na thelathini na moja angetoka humo mwanamke nisiyemjua, nami nilikuwa namkawiza kwa kipande cha chaki. Kwa ajili hiyo nilimwacha Layla akohoe peke yake.

Mstari wa siku ile nilikuwa sijauchora. Niliiacha chaki juu ya dirisha.

Kutoka nyumbani hadi pwani ni hatua mia mbili na kumi. Bi Kuluthumu alinifunika kwa buibui lake juu ya langu, akanishika kiwiko. Pwani palikuwa na wanaume kama arubaini, wakipakia maji na magodoro. Shihab alituona, akasema neno moja, na wote wakageuka. Aliyebeba pipa aligeuka nalo begani. Aliyekuwa majini hadi kifuani aligeuka akiwa ameinua mtoto wa mtu juu ya kichwa. Kisha nikawaona wale wawili waliowekwa zamu juu ya jiwe, kuangalia upande wa Kismayu. Nao waliacha kuangalia, wakaelekea ukuta wa msikiti.

Kwa muda wote ambao ningepita pale, hakuna jicho lililokuwa likikilinda kisiwa. Hilo lilikuwa jambo la hakika, na wote pale walilijua, na hakuna aliyegeuza shingo kunihimiza.

Nilikimbia. Sikuwa nimekimbia tangu nilipokuwa msichana.

Mbele ya mashua, upande wa omo, Shihab alikuwa amefunga kipande cha tanga kwenye miti minne. Layla aliingia humo pamoja nami, magoti yetu yakagusana.

"Leo ya ngapi?" aliniuliza.

"Sabini na moja."

"Umechora?"

"Hapana."

Alifikiri. "Basi mimi nitakumbuka," akasema, na akakumbuka, kila siku, bila kukosea.

Siku ya sabini na sita wenye bunduki walirudi Koyama. Tuliambiwa baadaye na waliobaki. Safari hiyo walichukua hata milango, kwa ajili ya mbao, na wetu ulikuwamo. Mahali fulani Kismayu upo mlango wenye mistari sabini nyuma yake, ikiwa hawakuupaka rangi.

Siku ya mia na thelathini ilinikuta katika kambi nje ya Mombasa, ndani ya hema, nyuma ya shuka. Kwetu mjane anapotoka eda wanawake humpeleka baharini alfajiri wakamwoshe. Pale lango lilifunguliwa saa mbili, na bahari ilikuwa mbali. Kulipopambazuka siku iliyofuata Bi Kuluthumu aliingia na ndoo ya maji ya bomba. Alitia chumvi gao moja la mkono, akakoroga kwa mkono, akaonja, akaongeza nusu.

"Imezidi," nilimwambia, maji yaliponifika mdomoni.

"Ya Koyama ndivyo yalivyo."

Alinikausha, akanivisha leso mpya aliyoipata sijui kwa nani, akaufungua mlango wa hema. Nilichukua ndoo nikaenda kupanga foleni bombani. Walikuwapo wanaume sita au saba, baadhi yao wa kisiwani kwetu. Walinitazama usoni, kama wanavyomtazama mtu yeyote, na mmoja akaniuliza kama mimi ndiye wa mwisho.