Mchicha wa Wifi

Mama mshonaji aliwapenda bata mzinga wake kama wanawe. Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, aliwaning'inizia fungu la mchicha kwenye waya wa uani, nao waliuparamia kwa fujo mpaka akacheka peke yake.

Siku hiyo mchicha uliletwa na wifi yake. Walikuwa hawasemezani tangu ule ugomvi wa nyumba ya urithi.

"Yaliyopita tuyaache, wifi," alisema, akimkabidhi mafungu mawili. "Hili la bata, hili lenu wewe na kaka."

Mshonaji akalainika moyo. La kwao akaliunga kwa vitunguu, akampakulia mumewe, ndipo akatoka na la bata. Majike wakalisogelea, wakarudi nyuma, wakakataa katakata. Dume peke yake akadonoa majani mawili matatu. Punde akaanza kuyumba, akiburura mabawa chini, akaanguka.

Mshonaji akatimua mbio ndani.

"Mchicha wa leo una uchungu kidogo," mumewe alimwambia, akifuta mdomo, "ila nimeumaliza."

Mshonaji akamshika mabega, akapiga yowe kuita majirani. Juu ya meza, vidole vya mumewe vilikuwa vimeshaanza kutetemeka.